Kumpiga picha bundi wa porini wakati wa theluji bila kumsumbua

Bundi mkubwa wa kijivu aliyetua juu ya msonobari mkavu kando ya barabara, saa tisa na nusu alasiri ya Januari, huonekana kana kwamba hana kazi yoyote. Kichwa kimeinama, macho ya manjano yanatazama chini, na dakika kumi zinaweza kupita bila yeye kugeuka. Ukweli ni kwamba yuko kazini. Anasikiliza mwendo wa vipanya wanaopita katika njia zao chini ya theluji. Uso wake mpana, wenye duara za manyoya kuzunguka kila jicho, hukusanya sauti hiyo na kuielekeza masikioni, na masikio yenyewe hayakukaa sawasawa: moja liko juu kidogo kuliko jingine, kwa hiyo sauti huyafikia kwa tofauti ndogo inayomwezesha kujua kipanya yuko mahali gani hasa, hata kama amefunikwa na theluji ya kina cha zaidi ya sentimita 40. Mpiga picha anayeshuka garini, akafunga mlango kwa kishindo na kuanza kutembea juu ya theluji kavu inayolia chini ya buti kwa kila hatua, amekwisha kumharibia kazi hiyo kabla hajainua kamera, ingawa bundi mwenyewe bado hajaruka.

Nimeanza na hilo kwa sababu wapiga picha wengi huamini kwamba bundi amesumbuliwa pale tu anaporuka. Kuruka ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna mengi ambayo yamekwisha kupotea: windo ambalo hakulisikia, usingizi uliokatizwa, nguvu za mwili zilizotumika bure kwa kukaa chonjo. Baridi ya huku kaskazini mwa Marekani huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, na ndege anayeishi katika hali hiyo huendesha maisha yake kwa hesabu ya chakula anachopata na nguvu anazotumia. Ninachotaka kueleza ni namna ya kupata picha nzuri bila kuwa gharama katika hesabu hiyo.

Mengi ya haya nimejifunza katika jimbo la Minnesota ninakoishi, hasa katika Sax-Zim Bog, eneo la vinamasi, misonobari na mashamba ya nyasi kaskazini-magharibi ya mji wa Duluth, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 700. Kutoka Minneapolis, ambako kuna jamii kubwa ya watu wa Afrika Mashariki, ni safari ya takriban saa tatu kwa gari. Bundi wa kijivu, Strix nebulosa, wanaishi huko mwaka mzima, na katika miaka ambayo vipanya wanaadimika Kanada, wengine wengi hushuka kusini kuwafuata. Katika majira ya baridi ya 2004 hadi 2005 walihesabiwa zaidi ya 5,000 katika jimbo la Minnesota peke yake. Bundi wa theluji, Bubo scandiacus, wao hupenda mahali palipo wazi panapofanana na nchi yao ya Aktiki: mashamba yaliyovunwa, viwanja vya ndege, kingo za Ziwa Superior na bandari zake. Watu wengi huambiana kwamba bundi wa theluji wanaofika kusini wanakufa njaa na kwamba kuwatupia chakula ni kuwahurumia. Si kweli kwa wengi wao. Mara nyingi wimbi kubwa la bundi hao hutokana na kiangazi chenye neema huko Aktiki, ambapo lemingi, panya wadogo wa huko, walikuwa wengi na makinda mengi yakafanikiwa kukua.

Kusoma mwili wa bundi

Hakuna umbali mmoja ninaoweza kukupa ukautumia popote. Bundi wa kijivu aliyezoea magari anaweza kuwinda mita 15 kutoka dirishani pako bila kukujali, wakati bundi wa theluji katika shamba tupu anaweza kuhangaika ukiwa mita 100. Kipimo sahihi ni mwili wa ndege mwenyewe, na mwili huo husomeka vizuri ukijua pa kutazama.

Nina mfululizo wa picha ambazo sijazifuta na wala sitazifuta. Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kupiga picha huku. Nilimkuta bundi wa theluji ametua katikati ya shamba la mahindi lililovunwa, nikashuka garini na kumwendea moja kwa moja, nikipiga picha kila baada ya hatua chache. Katika picha za mwanzo amesimama kwa mguu mmoja, manyoya yamefura, macho yamebaki mstari mwembamba. Kwenye picha ya kumi na mbili miguu yote miwili iko chini. Kwenye ya ishirini macho yamefunguka duara kamili na yananitazama, manyoya yamebana mwilini, shingo imerefuka. Nilifurahi sana siku ile kwa sababu hatimaye alikuwa ananitazama kwenye lenzi. Kwenye ya thelathini ameinamisha kifua mbele, na inayofuata inaonyesha kinyesi cheupe kikidondoka nyuma yake, jambo ambalo ndege wengi wakubwa hulifanya ili kupunguza uzito kabla ya kuruka. Zilizobaki ni za mgongo wake. Kunguru wawili walimwona akiwa hewani wakaanza kumfukuza, wakaongezeka wakawa sita, na waliendelea kumsumbua mpaka akatua mbali kwenye barafu ya ziwa, ambako hakukuwa na chochote cha kuwinda.

Dalili zote zilikuwamo, kwa mpangilio, na mimi nilizipiga picha bila kuzisoma. Tangu hapo kanuni yangu ni kusimama kwenye badiliko la kwanza. Mguu wa pili ukishuka, nasimama. Macho yakifunguka na kubaki juu yangu, narudi nyuma hatua kadhaa, kwa utaratibu, mpaka ayafumbe tena au ageukie shughuli zake. Bundi aliyetulia hupanga manyoya yake, husinzia, hugeuza kichwa kusikiliza upande mwingine. Kwa ufupi, hukusahau. Asipokusahau ndani ya dakika chache, uko karibu kupita kiasi.

Wapo bundi ambao utulivu wao unadanganya. Aegolius acadicus ni bundi mdogo sana, uzito wake haufiki wa mayai mawili ya kuku, naye hushinda mchana kutwa ndani ya matawi mazito ya misonobari, wakati mwingine chini ya kimo cha mtu. Ukimkaribia haruki. Hujinyoosha akawa mwembamba kama kipande cha tawi, akafumba macho karibu yote, na akabaki hivyo. Watu husema ni mpole. Ukweli ni kwamba anajificha, kwa sababu akiruka mchana bundi wakubwa zaidi, vipanga na kunguru watamwona. Ukiona ndege huyu amejinyoosha hivyo, piga picha moja au mbili kutoka hapo ulipo na uondoke, na usikate wala kufunga kijiti chochote ili upate nafasi ya lenzi. Kile kijiti kinachokuzuia wewe ndicho kinachomkinga na upepo na macho ya maadui.

Gari ndilo maficho bora

Bundi wa kaskazini wamezoea magari kuliko watu wanaotembea. Kwa hiyo, popote barabara inaporuhusu, baki ndani. Endesha polepole, na ukimwona bundi usifunge breki ghafla karibu naye. Pita, nenda mbele, geuza, kisha rudi ukiwa upande ambao jua liko nyuma yako. Simama mahali ambapo dereva mwingine atakuona kutoka mbali, washa taa za tahadhari, na kumbuka kwamba ukingo wa barabara unaoonekana tambarare unaweza kuwa mtaro uliojaa theluji. Zima injini. Mtetemo wake huharibu ukali wa picha, na mngurumo wake ni kelele ileile inayomzuia bundi kusikia vipanya. Weka lenzi juu ya mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage kwenye ukingo wa dirisha. Ni mshikio imara kuliko tripodi (stendi ya miguu mitatu), na haukulazimishi kutoka nje.

Jambo moja huwashangaza wageni: picha zinazopigwa kupitia dirisha la gari lenye joto hutoka na ukungu, kana kwamba lenzi ni mbovu. Hewa ya moto inayotoka ndani ikikutana na hewa ya baridi kali hutengeneza mawimbi mbele ya lenzi, kama yale yanayoonekana juu ya lami wakati wa jua kali. Hakuna mpangilio wa kamera unaoweza kuliondoa tatizo hilo. Zima hita dakika kama ishirini kabla ya kufika, fungua dirisha, na vaa nguo za kutosha kukaa ndani ya gari lenye baridi sawa na ya nje.

Ikibidi kutembea, kwa mfano ukingoni mwa ziwa, usimwendee bundi kwa mstari ulionyooka. Mnyama anayewinda ndiye anayekuja hivyo. Pita kwa ubavu, kama mtu anayeelekea kwingine, simama mara nyingi, na usimkazie macho. Usimame kamwe kati yake na uwanja anaouwinda. Mkiwa wengi, kaeni upande mmoja, kwa sababu bundi aliyezungukwa anaona kwamba hana njia ya kutokea hata kama kila mmoja wenu yuko mbali. Fungua zipu za mkoba na ondoa glavu zenye vifungo vya kunasa vinavyotoa mlio kabla ya kukaribia, zima mlio wa kamera, na acha mbwa nyumbani. Mashamba mengi ya Sax-Zim ni mali ya watu binafsi yaliyochanganyika na ardhi ya umma, kwa hiyo hakikisha unajua unakanyaga kwa nani, na omba ruhusa.

Yale nisiyokubali

Kumtupia bundi panya aliyenunuliwa dukani ili aruke kuelekea kwenye kamera ni jambo linalofanyika waziwazi, na picha zake utazitambua: bundi anakuja moja kwa moja kwenye lenzi, mabawa yamefunguka, macho yametazama chini mahali ambapo hapana hata jani la nyasi. Tatizo la kwanza ni kwamba bundi hujifunza haraka kwamba watu na magari vina chakula, na ndege aliyejifunza hivyo huanza kukaa barabarani. Bundi wa kijivu huruka chini sana anapovuka barabara, na kugongwa na magari ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao wakati wa baridi. Mtu anayemlisha bundi kando ya barabara anampeleka kwenye magurudumu.

Kumpigia sauti ya bundi mwingine kwenye simu nako sikukubali. Bundi husikia kwamba mpinzani ameingia katika eneo lake, huacha kuwinda na kuja kupigana na asiyekuwapo. Flashi siitumii kabisa kwa ndege wa usiku, na droni isirushwe karibu nao. Sheria ya Marekani ya ndege wahamao ya mwaka 1918, ambayo tangu 1972 inawalinda bundi pia, inakataza kuwaua, kuwakamata na kuwamiliki bila kibali, na hata unyoya uliouokota chini ya mti hauruhusiwi kwenda nao nyumbani.

Tahadhari iwe kubwa zaidi kuanzia mwishoni mwa Januari. Bundi mkubwa mwenye pembe za manyoya, Bubo virginianus, hutaga wakati theluji bado ni nyingi, na mama hukaa juu ya mayai usiku na mchana. Akiinuka kwa kukuogopa, mayai hayana muda mrefu katika baridi ile. Ukigundua bundi amekaa ndani ya kiota cha kunguru au tawi lililovunjika na hatoki, usitafute pembe bora, rudi ulikotoka. Vivyo hivyo baada ya mvua iliyoganda, theluji inapofanya gamba gumu juu na uwindaji kuwa mgumu: siku hizo mimi hupiga picha za miti.

Kamera katika baridi

Mchana wa Desemba huko Duluth ni mfupi, jua linachomoza saa mbili kasoro dakika kumi na kuzama yapata saa kumi na dakika ishirini jioni, na saa mbili za mwisho ndizo zenye bundi wanaowinda. Lenzi ya milimita 500 au 600 ndiyo inayokuwezesha kukaa mbali, na asiye nayo apige picha pana, bundi mdogo ndani ya msitu mkubwa wenye theluji. Nazipenda zaidi picha za namna hiyo; zinaeleza maisha yake kuliko uso uliojaza fremu.

Kamera hupima theluji kana kwamba ni kitu cha kijivu, kwa hiyo huifanya iwe na giza. Ongeza mwanga kwa kiasi cha +1 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, na kwa bundi wa kijivu dhidi ya anga la mawingu hata zaidi kidogo. Kwa bundi mweupe juani punguza nyongeza hiyo, kisha tazama histogramu, mchoro wa mwanga wa picha kwenye kamera, kwa sababu manyoya meupe yakipotea katika mwanga hayarudi. Aliyetua, kasi ya sekunde 1/500 inatosha ukiwa na mshikio mzuri. Akiwa hewani tumia 1/2000 na ukubali ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ya 1600 au 3200. Shata (kifunga mwanga cha kamera) ya kielektroniki haina sauti na inafaa kwa bundi aliyetua, lakini katika kamera nyingi hupinda mabawa ya ndege anayeruka.

Betri huishiwa nguvu haraka, kwa hiyo weka za akiba katika mfuko wa ndani ulio karibu na mwili, na ubadilishane nazo. Iliyokwisha kwa baridi mara nyingi huamka ikipata joto. Usipumulie kioo cha kutazamia, maana mvuke huganda hapohapo. Kabla ya kurudi kwenye joto, toa kadi ya kumbukumbu, kisha fungia kamera na lenzi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uziache humo saa kadhaa mpaka zipate joto la nyumba. Unyevu utajikusanya nje ya mfuko badala ya ndani ya lenzi.

Baada ya picha

Mahali alipo bundi pakijulikana mtandaoni asubuhi, mchana magari ishirini yamejipanga. Futa taarifa za eneo ndani ya faili ya picha, angalia kama kuna kibao cha barabara au ghala linalotambulika nyuma yake, na subiri siku kadhaa kabla ya kuonyesha. Hata eBird, hifadhidata ya Chuo Kikuu cha Cornell inayotumiwa na watazamaji wa ndege duniani kote, huficha mahali halisi pa spishi zinazoathirika kwa kutafutwa sana. Akikuuliza rafiki, mpeleke mwenyewe, umwonyeshe na namna ya kusimama.

Picha ya kwanza niliyoipenda nilimtumia shangazi yangu aliyeko Tanga, ambako bundi akilia juu ya paa watu huanza kuulizana ni nani anayeumwa. Alinyamaza siku mbili. Kisha akaniandikia kwamba hakujua kuwa bundi naye husinzia kama mtu mzima baada ya chakula cha mchana. Bundi wa picha ile alikuwa mita 60 kutoka kwangu, macho yamefumba, theluji imemtanda mabegani, na nilikuwa nimekaa ndani ya gari dakika arobaini bila kumwona akinitazama hata mara moja.

Mimi hujipa muda huo, dakika arobaini, kisha nakwenda hata kama mwanga bado ni mzuri. Subiri bundi ageuzie kichwa upande mwingine, washa injini, acha gari lianze kwa mwendo wa mtu anayetembea. Taa ziwe zimewashwa na usizidi kilomita 40 kwa saa mpaka utoke kwenye barabara za ndani, kwa sababu jua likishazama wenzake wengine wanavuka, chini kabisa, karibu na kimo cha boneti.